Neno Ulilomwambia Bibi Yako Mezani

Nika mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Kisarawe kumuaga Bibi, na mimi nimebaki hapa Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege, na sare za shule za watu mezani. Umeme umekatika na cherehani imelala. Basi nakuandikia. Tangu Jumapili tunasemeshana maneno ya lazima tu: chai iko tayari, funga geti. Kesho unapanda ndege. Sitaki uondoke ukidhani nimenuna kwa kuogopa kubaki peke yangu. Nimenuna kwa sababu nimekasirika, na hasira yangu ina mizizi ambayo hukuwahi kuonyeshwa yote.

Habari za baridi ya Lisbon na soksi nzito baba yako atakueleza. Anazijua, ndiko anakoishi siku hizi.

Nianze na ile picha. Jumapili uliweka mtandaoni picha ya nyumba ya mawe iliyoko kijijini huko Ureno, ambayo baba yako alikutumia, ukaandika chini yake: "Narudi nyumbani kwa babu." Jirani yetu akaniletea simu yake hadi dirishani, akaniuliza kwa wema kabisa, "Mama Nika, kumbe babu yake ni Mzungu?" Nikamjibu kwamba babu yako amezikwa Kisarawe, njia ya Maneromango. Uliporudi nikakuuliza maana ya yale maneno. Ukanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayesumbua, ukasema, "Mama, kwa sheria mimi ni Mreno. Mambo ya ukoloni yaliisha kitambo. Hizo hasira siku hizi hakuna anayetembea nazo, ni wewe tu."

Ni mimi tu. Haya. Ngoja nikuambie nilizipata wapi.

Babu yako, baba yangu, alizaliwa Msumbiji, upande wa pili wa Ruvuma, kwenye nchi ya juu ya Wamakonde. Alilimishwa pamba ambayo hailiwi, kwenye shamba alilopangiwa, huku mihogo yake ikiliwa na nguruwe kwa kuwa hakupewa nafasi ya kuishughulikia. Mwaka mmoja pamba yake ilikuwa haba. Wakampeleka mbele ya msimamizi, akaambiwa anyooshe mikono, na askari akampiga viganjani kwa kibao kizito kilichotobolewa matundu. Matundu yale yalikuwa ya kunyonya ngozi. Askari mwenyewe alikuwa mtu mweusi, wa kijiji cha jirani, na kila baba aliposimulia alilirudia jambo hilo, nadhani ndilo lililomuuma kuliko kibao. Vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena sawasawa. Wewe hukumkuta. Mimi nilikuwa namkatia ugali wake mezani.

Walivuka mto yeye na mama yangu, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, mwishowe wakapata kipande cha ardhi Kisarawe. Huko nako hatukupokelewa kwa vigelegele. Shuleni tuliitwa Wamawia, jina la kuwadharau Wamakonde wa Msumbiji, tukaambiwa turudi kwetu. Baba alihangaika miaka mingi kuomba uraia wa nchi hii. Siku alipoupata alivaa koti lake moja, akapita nyumba hadi nyumba kuwasalimia watu ambao alikuwa ameshawasalimia asubuhi. Ndio uraia huohuo uliokwenda kuurudisha juzijuzi kwa sababu sheria yetu hairuhusu kuwa na nchi mbili. Uliurudisha, ukaja nyumbani unakula aiskrimu.

Sisemi sheria ni nzuri. Nasema ulikuwa unakula aiskrimu.

Na usidhani mimi nilikuwa bora nilipokuwa na umri wako. Unaujua uso wa Bibi, zile chale za mashavuni na kwenye paji la uso, na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, juu ya mdomo. Kwao alichanjwa akiwa msichana ili apendeze, na watu walipika na kushangilia. Mimi nilipokuwa natoka naye kwenda sokoni nilikuwa namtangulia hatua nyingi, ili watu wasijue tumeandamana. Hakuwahi kuniita nimsubiri. Kwa hiyo aibu sikufundishwa Maputo, kwa kina baba yako. Nilikwenda nayo kwenye begi.

Baba yako nilimpata Dar es Salaam, kwenye ukumbi wa mikutano nilikofanya kazi ya kupokea wageni. Artur alikuwa mkalimani. Alikaa ndani ya kile kibanda cha vioo, na marais walipozungumza, maneno yao yalipita kwake kwanza. Kijana wa rangi ya maji ya kunde, mpole, aliyejifunza Kiswahili kwa miaka michache akakisema kuliko sisi. Aliponiambia anatoka Msumbiji nilidhani Mungu amenikumbuka. Nilimwambia, "Hata mimi ni wa huko." Akacheka, akasema, "Basi twende nyumbani."

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Mtu ambaye utoto wake wote aliambiwa arudi kwao, akimpata wa kumwambia twende nyumbani, hatazami kiatu chake kimekanyaga nini.

Tulifunga ndoa, tukaenda Maputo, ukazaliwa. Tulikaa kwenye ghorofa ya mama yake, Dona Celeste. Wewe unamjua kwa ile sauti yake ya kwenye simu, anavyokuita malkia wake. Mimi nilimjua akiwa na nguvu zake. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa Kiswahili, nikapiga goti kidogo kama tulivyolelewa. Akamgeukia Artur, akamwambia kitu kwa Kireno. Artur akanitafsiria, "Mama anasema karibu sana." Baada ya miezi, nilipoanza kukielewa Kireno, nilimsikia akimwambia mtumishi wa jikoni maneno yaleyale, nikayatambua kwa mlio wake. Alikuwa amesema kwamba kwenye nyumba hii hatuzungumzi lugha za mbwa.

Naye alikuwa mweusi kama mimi, Nika. Hilo picha zake za siku hizi hazikuonyeshi, anavyojipaka.

Zamani za Wareno palikuwa na weusi wachache waliokubaliwa kuhesabiwa kama Wareno. Waliitwa assimilados. Baba yake Dona Celeste alikuwa mmoja wao. Ili akubaliwe, mkaguzi alikuja nyumbani kwao kuangalia kama wanalala kitandani, kama wanakula kwa uma, kama watoto wanasema Kireno wao kwa wao. Mkaguzi akafunua sufuria kuona kinachopikwa. Bibi yao, ambaye hakujua Kireno, walimficha kwa jirani kutwa nzima, wakamwambia asikohoe. Dona Celeste alinisimulia haya akiwa anacheka, kama mtu anayesimulia jinsi walivyofaulu mtihani. Siku ile nilimwonea huruma. Nikajiambia nitamvumilia, mtu huyu aliumizwa.

Huo ndio uliokuwa ujinga wangu mkubwa, na ndio ninaotaka uuache hapa Kibaha. Nilidhani mtu aliyeumizwa hawezi kuniumiza. Nilidhani nikishajua alikopatia sumu yake, sumu haitanidhuru.

Huyo babu yako mwenye nyumba ya mawe alikuwa na duka la vitambaa Beira. Alimzalisha Dona Celeste huku ana mke kwao. Nchi ilipopata uhuru alifunga duka, akamwaga saruji kwenye mabomba ya choo ili atakayekuja asikitumie, akapanda ndege. Alimwachia Dona Celeste mtoto, jina lake kwenye cheti cha mtoto, na funguo za duka lisilo na kitu. Picha yake ilikuwa ukutani sebuleni, juu kuliko ya Bikira Maria. Nilipomuuliza kama aliwahi kurudi, akaniambia, "Alikuwa mtu wa heshima sana." Sikuuliza tena.

Wewe ulipozaliwa Dona Celeste alikuchukua kama mali yake. Kila asubuhi alikupaka mafuta puani, akaibana pua yako kwa vidole viwili na kuivuta, ili isilale. Ulilia. Nilimwambia Artur. Akasema, "Wazee wana mambo yao, mwache." Nikamwacha. Wageni walipokuja nilitambulishwa kuwa msichana kutoka kaskazini, na mgeni mmoja wa kike aliniachia sahani yake chafu mkononi, akaniomba maji. Artur alikuwa amesimama karibu nami. Nikaleta maji.

Baba yako si mtu mbaya. Ni mtu asiyesema. Ukae naye mwaka mmoja ndipo uniambie kipi kina nafuu.

Ulipotimiza miaka minne mama yangu alikuja. Alisafiri kwa mabasi siku nyingi, kutoka Kisarawe hadi Maputo, na korosho alizozikaanga mwenyewe. Alipita kwenye nchi aliyoikimbia akiwa msichana, na alipofika alikuwa anang'aa. Aliniambia njiani watu walimwamkia kwa Kimakonde. Dona Celeste alimtazama usoni, akaenda chumbani kwake.

Siku ya sherehe yako ya kuzaliwa aliniambia mama yangu atakula jikoni, kwani huko atajisikia huru zaidi. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nilikataa. Nilimshika mama mkono nikamketisha mezani, kwenye kiti changu. Mimi nikasimama nyuma yake. Wageni walimtazama, kisha wakaendelea kula. Uma ulimsumbua, akaanza kula kwa mkono, taratibu, kwa adabu zake zote.

Wewe ulipanda mapajani kwake. Ulikuwa na gauni jeupe. Ulimgusa chale za shavuni kwa kidole, ukazifuata moja moja, naye akatulia akuache. Kisha ukachukua kitambaa cha mezani, ukakichovya kwenye glasi ya maji, ukaanza kumsugua uso. Ukasema kwa sauti, kwa Kireno, "Bibi ni mchafu. Uchafu hautoki." Neno ulilotumia ni suja. Ulilisema mara nyingi huku unasugua. Suja, suja.

Meza ilicheka. Dona Celeste alicheka hadi akafuta machozi.

Mama yangu akanigeukia, naye anatabasamu kwa kuwa watu wanacheka. Akauliza, "Anasemaje mjukuu wangu?"

Mezani pale watu wawili tu walijua Kireno na Kiswahili. Mimi na baba yako. Nilimtazama. Mtu aliyelipwa kutafsiri maneno ya marais, na hakuwahi kukosea. Alikuwa anakata nyama kwenye sahani yake vipande vidogo vidogo.

Nikasema, "Anasema unapendeza, mama."

"Mwambie ahsante," akasema, na akakubusu mkono uliokuwa na kile kitambaa.

Kesho yake nilikubeba mgongoni nikaondoka na mama yangu. Dona Celeste aliniambia kwamba mtoto atanirudia kunidai maisha niliyomnyang'anya. Ni mwerevu yule mwanamke, ndicho ulichokifanya. Artur alitupeleka kituo cha mabasi, akatubebea mizigo, akatununulia maji.

Tulifika Ruvuma jua likiwa kali, tukakaa kwenye mchanga kusubiri chombo cha kutuvusha. Ulikuwa umelala. Mama akaniambia ghafla, bila kunitazama, "Lile neno nalijua."

"Neno gani?"

"Suja. Tulikuwa tunakwenda kupimiwa pamba, mimi na mama yangu, magunia kichwani. Msimamizi akiona pamba ina vumbi, suja. Akiona sisi tuna vumbi, suja. Ndilo neno la kwanza la Kireno nililolijua. Nadhani ndilo la pekee."

Nikamuuliza, "Sasa mbona ulicheka? Mbona ulisema ahsante?"

"Ulikuwa umeshajitahidi kunificha. Ningekuumbua mbele ya wale?" Akakufunika kwa kanga yake. "Na huyu ana kosa gani? Neno hakulizaa yeye."

Hapo ndipo nilipolia, Nika. Sikulia nilipokuwa Maputo. Nililia pale mchangani kama niliyefiwa, na mama yangu akaniacha nilie hadi chombo kikafika.

Miezi baadaye Artur alipiga simu. Nikamuuliza jambo moja tu. "Kwa nini hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Alikuwa mtoto mdogo."

"Sikukuambia umkemee mtoto."

"Mama alikuwa na wageni, Anjela."

Nikakata simu. Sikumchukia kwa kelele. Niliendelea tu, nikashona, nikajenga hapa Picha ya Ndege chumba baada ya chumba, nikakufundisha Kiswahili upya hadi kile Kireno kikakutoka mdomoni. Kimakonde sikukufundisha, mimi mwenyewe nakisikia tu. Sikukusimulia mambo haya kwa sababu nilidhani yaliyo kimya yanakufa. Hayakufa. Ulipofika sekondari baba yako alianza kukutafuta kwenye simu, akakukuta hujui lolote, msafi kama karatasi, akaandika alichotaka. Nyumba ya mawe, babu wa heshima. Kiswahili chake bado ni kizuri, nimemsikia. Kwenye maneno yake yote sijasikia akimtaja mama yangu hata mara moja.

Sasa unakwenda, na mimi siwezi kukuzuia. Wewe ni mtu mzima, una karatasi zao, una chuo chao. Sikuombei mabaya. Ila sitakuongopea kwamba nimefurahi. Wale watu walimpiga babu yako viganja, na sasa wanakuhesabu kuwa wao kwa sababu mmoja wao alimzalisha mwanamke akamkimbia. Hicho ndicho unachokiita nyumbani. Wao wenyewe huko hawatakuita Mreno. Utaonyesha pasi yako ya rangi ya zabibu, watakuuliza unatoka wapi hasa. Baba yako wanamuuliza hadi leo, ila hatakuambia.

Nilikuwa nimefika hapa Bibi akanipigia simu. Nakuandikia maneno yake kabla sijayasahau, maana hujui kwamba alitoka nje kunipigia.

"Mwanao yuko hapa," akasema. "Ameniomba nimfundishe kusalimia Kimakonde."

"Umemfundisha?"

"Nimekataa."

"Mama, umekataa kwa nini? Kesho anaondoka."

"Amenielekezea simu usoni anirekodi. Anasema akawaonyeshe wenzake huko. Salamu ni ya kumsalimia mtu, si ya kuonyeshea watu. Nimemwambia aweke simu chini, akae."

"Amekaa?"

"Amekaa. Yuko hapo ndani, kimya. Nikiingia ananitazama uso."

Kisha akasema anaenda kukuivishia mihogo, akakata simu.

Sijui umekumbuka nini ulipokuwa unamtazama. Huenda hukukumbuka kitu, ulikuwa na miaka minne. Ningeweza kukueleza haya yote jana, kabla hujaenda. Niliacha kwa makusudi. Ungekwenda na machozi na magoti ya kuomba radhi, na yeye hapendi kufanyiwa maigizo. Barua hii utaikuta juu ya begi lako ukirudi. Usimpigie simu kumlilia. Kama una la kumwambia, utakuja kumwambia akiwa mbele yako, naye akipenda atakujibu kwa lugha atakayopenda yeye.

Kesho mjomba wako atatoka kazini Kwala na gari atupitie. Nitakuja uwanja wa ndege. Nitakaa kiti cha nyuma. Baba yako akipiga simu tukiwa njiani usinipe niongee naye, hata kwa salamu.

Jambo moja nakuomba, na ni zito kuliko mengine. Ipo siku utakaa kwenye meza yao, mtu aseme neno juu yako, au juu ya rangi yako, au juu ya watu kama Bibi, na meza icheke. Baba yako atakuwa pembeni yako. Usimtazame. Mimi nilimtazama, na wakati namtazama nafasi ikapita, nikabaki na uongo tu mdomoni. Wewe Kireno kitakurudia, na utakuwa nacho kizuri kuliko changu. Jibu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, wote wasikie. Kisha usiondoke mezani. Kaa hapohapo umalize chakula chako.

Mama yako, ambaye bado amekasirika,
Anjela